Galaksi zinapogongana, nyota hupishana

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Usemi huo una ukweli mwingi hapa duniani, lakini huko angani, ambako miili mikubwa kuliko yote hukabiliana, mambo huenda kinyume. Galaksi mbili, kila moja ikiwa na mabilioni ya nyota, zinaweza kuvaana, kupenyana na hatimaye kuwa galaksi moja, pengine bila nyota mbili kugusana. Na pale ambapo mtu angetarajia kuona uharibifu mtupu, huchipuka nyota mpya kwa maelfu na mamilioni.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu mwaka 2012, vitabu, vipindi vya televisheni na magazeti vimekuwa vikiwaeleza watu kwamba galaksi yetu itagongana na jirani yake, Andromeda, na kwamba hakuna la kuzuia. Juni 2025, watafiti waliorudia mahesabu hayo walitangaza kwamba uhakika huo haupo tena. Je, kuna mgongano au hakuna? Na ukiwapo, ni nini hasa kinachogongana?

Makala haya yanaeleza galaksi ni nini, namna zinavyogongana, kwa nini picha za migongano hiyo ni miongoni mwa picha nzuri kuliko zote za angani, na nini kinaweza kulipata Jua letu.

Galaksi ni nini?

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi, vyote vikiwa vimeshikiliwa pamoja na nguvu ya uvutano. Jua letu ni nyota moja tu kati ya nyota zinazokadiriwa kuwa baina ya bilioni 100 na bilioni 400 zilizomo katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe. Usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mijini, galaksi hiyo huonekana kama utepe mweupe uliotanda kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Huonekana hivyo kwa sababu ina umbo la sahani bapa, nasi tumo ndani ya sahani hiyo tukiitazama kwa ubavu.

Umbali wa angani haupimwi kwa kilometa, kwa kuwa tarakimu zingekuwa ndefu mno. Hupimwa kwa mwaka wa nuru, yaani umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, unaokaribia kilometa trilioni 9.5. Sahani ya Njia Nyeupe ina upana wa takriban miaka ya nuru 100,000. Andromeda, galaksi kubwa iliyo karibu nasi kuliko zote, iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5.

Hadi miaka ya 1920 wataalamu walibishana iwapo Andromeda ilikuwa wingu la gesi ndani ya galaksi yetu au kitu kinachojitegemea. Ubishi huo ulimalizwa na Edwin Hubble wa Marekani, ambaye mwaka 1923 aliona ndani yake nyota ya aina ambayo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa mpangilio maalumu. Mwenendo wa nyota za aina hiyo ulikuwa umechunguzwa na mwanamama Henrietta Leavitt, na ndio uliomwezesha Hubble kupima umbali. Ikabainika kuwa Andromeda iko mbali mno, nje kabisa ya Njia Nyeupe.

Si galaksi zote zilizo bapa na zenye mikono iliyojipinda. Zipo zilizo kama yai, zenye nyota nyingi za kale zenye wekundu na gesi kidogo. Zipo pia ndogo zisizo na umbo maalumu. Kama tutakavyoona, tofauti hizo kwa sehemu kubwa ni historia ya migongano.

Chungwa na sinia

Kwa nini galaksi hugongana lakini nyota zilizomo ndani yake hazigongani? Jibu liko katika vipimo.

Tuseme Jua limepunguzwa likawa chungwa kubwa lenye upana wa sentimita 9, kisha likawekwa Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Kwa kipimo hicho, nyota iliyo karibu nalo kuliko zote, Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2, ingekuwa ndogo kama gololi, nayo ingewekwa umbali wa kilometa 2,600 hivi, yaani karibu kabisa ya kufika Kinshasa kwa mstari ulionyooka. Katikati ya chungwa na gololi hakuna nyota nyingine. Ukirusha machungwa mengine mia moja katika eneo hilo bila kulenga, uwezekano wa moja kugonga jingine ni mdogo kiasi cha kutohesabika.

Sasa tuachane na nyota, tupime galaksi zenyewe. Tuseme Njia Nyeupe ni sinia la pilau lenye upana wa sentimita 40. Kwa kipimo hicho, Andromeda ni sinia jingine, kubwa zaidi, lililo umbali wa mita 10 tu, kama upande wa pili wa ukumbi wa harusi. Masinia mawili yanayotembea ndani ya ukumbi mmoja yanaweza kukutana. Katika makundi makubwa, ambamo mamia ya galaksi husongamana, makutano hayo ni jambo la kawaida.

Kujaa na kupwa kwa galaksi

Ikiwa nyota hazigusani, ni nini kinachozivuruga galaksi? Mkazi yeyote wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ana jibu mbele ya macho yake kila siku. Ni nguvu ileile inayofanya maji ya bahari kujaa na kupwa, na inayoleta bamvua na maji mafu.

Mwezi huvuta upande wa Dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko unavyovuta kitovu cha Dunia, na huvuta kitovu kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali. Tofauti hiyo hunyoosha bahari, na maji huinuka pande zote mbili. Mwezi ni mdogo na Dunia ni ngumu, hivyo maji huinuka kwa mita chache tu.

Galaksi haina ugumu huo. Haina ukuta wala ganda, na nyota zake zimeshikiliwa na uvutano peke yake. Galaksi nyingine kubwa inapopita karibu, nyota na gesi za upande wa karibu huvutwa kuelekea kwa mgeni na kufanya kama daraja. Zile za upande wa mbali huachwa nyuma na kutupwa nje, zikafanya mkia mrefu. Kilichokuwa sahani nadhifu huwa na mkono mmoja umeelekea kwa jirani na mwingine umenyooka gizani kwa mamia ya maelfu ya miaka ya nuru.

Urefu wa mkia hutegemea mwelekeo. Ikiwa galaksi inazunguka kuelekea upande uleule anakopita jirani, nyota zake hukaa naye kwa muda mrefu zaidi na kuvutwa mbali. Ikiwa inazunguka kinyume, athari huwa ndogo. Kwa hiyo mtaalamu anapouona mkia anaweza kukisia galaksi mbili zilikutana vipi.

Baada ya kupenyana mara ya kwanza, galaksi mara nyingi hazitengani moja kwa moja. Kila galaksi imezungukwa na wingu kubwa la kile kinachoitwa maada ya giza, kitu ambacho hakionekani lakini uvutano wake hupimika. Mawingu hayo yanapopitana, mwendo wa galaksi hupungua, kama mtu anayekimbia ndani ya maji. Galaksi huenda umbali fulani, hugeuka, hurudi, na kila zikirudi huwa zimekaribiana zaidi, mpaka zinakuwa moja. Shughuli yote huchukua mamia ya mamilioni ya miaka, na wakati mwingine zaidi ya miaka bilioni moja.

Balbu 74 za Holmberg

Hakuna binadamu anayeweza kuishi muda wa kutosha kuuona mgongano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kila picha tunayoipata ni kama picha moja iliyokatwa kutoka katika filamu ndefu. Namna wataalamu walivyoipanga filamu hiyo ni hadithi yenye mafunzo.

Mwaka 1941, kabla kompyuta za kielektroniki hazijapatikana kwa wataalamu wa nyota, Erik Holmberg wa Sweden alitaka kujua galaksi mbili hufanya nini zikikaribiana. Kukokotoa kwa mkono mvutano wa kila kitu dhidi ya kila kingine kungemchukua muda mrefu mno. Akakumbuka kwamba mwanga hupungua kwa kanuni ileile ya uvutano: umbali ukiwa mara mbili, hubaki robo. Akachukua balbu 74, akapanga 37 kwa kila galaksi, kisha akapima kwa kifaa cha umeme ukali wa mwanga mahali pa kila balbu. Mahali palipopata mwanga mwingi palihesabiwa kuwa na mvuto mwingi. Akazisogeza balbu kulingana na vipimo hivyo, akapima tena, akasogeza tena.

Kwa njia hiyo Holmberg aliona umbo la galaksi zake za balbu likivurugika na kutoa mikono, na akaonyesha kuwa galaksi zinazopita karibu zinaweza kunasana.

Mwaka 1966, Halton Arp wa Marekani alichapisha atlasi ya galaksi 338 zenye maumbo ya ajabu: zenye mikia, madaraja, pete na mikono iliyovunjika. Wapo waliodhani maumbo hayo yalihitaji nguvu nyingine isiyojulikana. Mwaka 1972 ndugu wawili wazaliwa wa Estonia waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Alar Toomre na Juri Toomre, walitumia kompyuta ya wakati huo kuonyesha kuwa uvutano peke yake unatosha. Mifano yao ya vitone vichache ilitoa mikia na madaraja yaliyofanana na yale ya kwenye picha. Mwaka 1977 Alar alikwenda mbele zaidi, akapendekeza kuwa galaksi nyingi zenye umbo la yai ni mabaki ya galaksi bapa zilizogongana na kuungana. Wazo hilo lilipingwa mwanzoni, lakini leo ni sehemu ya msingi ya elimu ya galaksi.

Picha zinazovuta macho

Umaarufu wa migongano hii kwa watu wa kawaida umetokana na picha, hasa za darubini ya Hubble iliyopelekwa angani mwaka 1990, na ya James Webb iliyorushwa Desemba 25, 2021. Zifuatazo ni baadhi ya zile zinazojulikana zaidi.

Galaksi za Antena, zilizogunduliwa na William Herschel mwaka 1785, ziko umbali unaokaribia miaka ya nuru milioni 70. Zimepewa jina hilo kwa sababu mikia yake miwili iliyojipinda hufanana na vipapasio vya mdudu. Picha ya Hubble iliyotolewa mwaka 1997 ilionyesha zaidi ya makundi 1,000 ya nyota changa katikati ya mvurugano huo.

Galaksi za Panya ziko umbali wa miaka ya nuru milioni 300 hivi. Kila moja ina mkia mrefu mwembamba, na picha yake ya mwaka 2002 imo katika vitabu vingi vya sayansi. Hizi zimekwisha kupitana mara moja na zinatarajiwa kurudiana hadi ziwe galaksi moja.

Gurudumu la Mkokoteni liko umbali wa miaka ya nuru milioni 500 hivi. Hapa galaksi ndogo ilipenya katikati ya galaksi kubwa, karibu kabisa na kitovu chake. Kilichofuata ni kama jiwe lililotupwa kidimbwini: wimbi la mviringo lilienea kutoka katikati kwenda nje, likisukuma gesi mbele yake, na mahali wimbi lilipopita nyota zikazaliwa. Pete hiyo ya nyota changa ndiyo mzingo wa gurudumu. James Webb ilitoa picha yake mpya Agosti 2022.

M51 ni galaksi yenye mikono iliyojipinda kwa ukamilifu wa ajabu, ikiwa na galaksi ndogo kwenye ncha ya mkono mmoja. Mikono yake ilichorwa kwa mara ya kwanza mwaka 1845 na Lord Rosse, aliyekuwa na darubini kubwa kuliko zote duniani wakati huo, nyumbani kwake Ireland. Inaaminika kuwa kupita kwa galaksi hiyo ndogo ndiko kulikoipa mikono ya M51 nguvu na mng'ao ule.

Msomaji anapozitazama picha hizi akumbuke kwamba rangi zake zina maana. Buluu huonyesha nyota changa, kubwa na zenye joto kali. Manjano na wekundu mwingi huonyesha nyota za kale. Waridi mara nyingi ni gesi ya haidrojeni inayong'aa karibu na nyota zilizozaliwa, na michirizi ya kahawia ni vumbi. Katika picha za James Webb, inayoona mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, wataalamu hupanga rangi zinazoonekana badala ya zile zisizoonekana. Kwa hiyo uzuri huo si pambo. Ni taarifa iliyopakwa rangi.

Kinachogongana ni gesi

Ikiwa nyota hupishana, gesi haiwezi kupishana. Mawingu ya gesi ni mapana, yanachukua nafasi kubwa, na yanapokutana hugongana kwelikweli. Hubanwa, hupata joto, kisha sehemu zake hupoa na kuporomokea ndani kwa uzito wake zenyewe. Hivyo ndivyo nyota huzaliwa.

Katika hali ya utulivu, Njia Nyeupe hutengeneza nyota zenye uzito wa Jua moja au mawili hivi kwa mwaka. Katika Arp 220, mabaki ya galaksi mbili zilizoungana umbali wa miaka ya nuru milioni 250, kasi hiyo ni zaidi ya mara mia moja. Vumbi huficha sehemu kubwa ya mwanga huo, ndiyo maana ukubwa wa jambo lenyewe ulieleweka vyema baada ya setilaiti ya IRAS ya mwaka 1983 kutazama anga kwa mwanga wa joto. Arp 220 hutoa mwanga unaozidi wa Jua trilioni moja.

Afrika nayo ina mchango katika uchunguzi huu. MeerKAT, mtambo wa madishi 64 ulioko nyanda kame za Karoo nchini Afrika Kusini na uliozinduliwa mwaka 2018, husikiliza mawimbi ya redio yatokayo kwenye gesi za angani. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kuwa mtambo huo umenasa mawimbi ya redio yenye nguvu isiyo ya kawaida, yanayotokea pale gesi ya galaksi zinazogongana inapobanwa, kutoka umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 5. Chanzo hicho kilipewa jina la Kizulu, Nkalakatha, maana yake bosi mkubwa. MeerKAT ni hatua ya kuelekea mradi mkubwa zaidi wa SKA, ambao Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini.

Neema hiyo ya kuzaliana kwa nyota haidumu. Nyota kubwa huishi kwa muda mfupi na kulipuka, na milipuko yake hufukuza gesi iliyosalia. Gesi ikiisha, hakuna nyota mpya. Kinachobaki ni galaksi yenye umbo la yai, tulivu, yenye nyota zinazozeeka pamoja.

Mashimo meusi nayo huungana

Katikati ya takriban kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi, yaani mahali penye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. La Njia Nyeupe lina uzito wa takriban Jua milioni 4, na picha yake ilitolewa Mei 12, 2022. La Andromeda ni kubwa zaidi, likikadiriwa kuwa na uzito wa Jua milioni 100 au zaidi.

Galaksi mbili zikiungana, mashimo haya huzama polepole kuelekea katikati, huzungukana, na hatimaye huungana. Mwaka 2002 darubini ya Chandra ilibaini mashimo mawili ya namna hiyo ndani ya galaksi moja, NGC 6240. Juni 2023 makundi ya watafiti kutoka mabara kadhaa yalitangaza ushahidi wa mtetemo hafifu unaoenea angani kote, ambao maelezo yake yanayokubalika zaidi ni jozi nyingi za mashimo meusi makubwa zinazozungukana katika galaksi zilizoungana. Shirika la Anga la Ulaya linajenga vyombo vitatu vya mradi wa LISA, vinavyotarajiwa kurushwa mwaka 2035, ili kusikia miungano ya aina hiyo moja kwa moja.

Sisi ni zao la migongano

Anayedhani migongano ni mambo ya galaksi za mbali angefaa aitazame historia ya galaksi yetu. Mwaka 1994 wataalamu waliokuwa Uingereza waligundua galaksi ndogo katika upande wa kundi la nyota liitwalo Mshale, ikiwa inararuliwa na Njia Nyeupe. Nyota zake zimetandazwa kama mkanda unaoizunguka galaksi yetu.

Mwaka 2018, vipimo vya setilaiti ya Gaia vilifichua jambo kubwa zaidi. Gaia, iliyorushwa mwaka 2013 na kufanya kazi hadi mwaka 2025, ilipima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Miongoni mwake ilionekana jamii ya nyota zinazokwenda tofauti na wenyeji. Hizo ni mabaki ya galaksi iliyoivaa Njia Nyeupe na kumezwa, miaka kati ya bilioni 8 na bilioni 11 iliyopita, kabla Jua halijazaliwa. Kwa maneno mengine, Njia Nyeupe imekua kwa kuwameza majirani, na gesi zilizoletwa na majirani hao zimeingia katika hazina iliyotengeneza nyota za baadaye.

Je, Andromeda itatugonga?

Mwaka 1912, Vesto Slipher wa kituo cha Lowell, Arizona, aliuchambua mwanga wa Andromeda akakuta umeelekea kwenye buluu. Kama vile king'ora cha gari la wagonjwa kinavyosikika kikali likija na kizito likiondoka, ndivyo mwanga wa kitu kinachokuja unavyosogea upande wa buluu. Slipher alipata kasi ya kilometa 300 hivi kwa sekunde. Sehemu kubwa ya kasi hiyo ni mwendo wa Jua lenyewe kuzunguka galaksi yetu. Ukiitoa, galaksi hizi mbili zinakaribiana kwa takriban kilometa 110 kwa sekunde, mwendo ambao ungekutoa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa sekunde zisizozidi 4.

Swali likabaki: inakuja moja kwa moja au itatupita kando? Kujua hilo kulihitaji kupima mwendo wa pembeni, jambo gumu kwa kitu kilicho mbali hivyo. Mwaka 2012, Roeland van der Marel na wenzake, wakilinganisha picha za Hubble za nyakati tofauti, walitangaza kuwa mwendo wa pembeni ni mdogo mno, hivyo mgongano ungetokea baada ya miaka bilioni 4 hivi. Habari hiyo ilienea duniani kote kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Mwaka 2025, Till Sawala wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walirudia kazi hiyo kwa vipimo vipya zaidi vya Gaia na Hubble. Walifanya mambo mawili. Kwanza, waliingiza galaksi jirani: Wingu Kubwa la Magellan, linaloizunguka Njia Nyeupe, na M33, iliyo karibu na Andromeda. Pili, badala ya kuchukua tarakimu moja tu ya kila kipimo, walizingatia kuwa kila kipimo kina kasoro yake, wakaendesha mifano 100,000 ya kompyuta ili kufuata uwezekano wote.

Matokeo yake ni kwamba uwezekano wa galaksi hizi mbili kuungana ndani ya miaka bilioni 10 ijayo ni takriban asilimia 50. Uwezekano wa kugongana mapema, ndani ya miaka bilioni 4 hadi 5, ni kama asilimia 2. M33 huongeza uwezekano wa mgongano, wakati Wingu Kubwa la Magellan huupunguza kwa kuivuta Njia Nyeupe kando ya njia yake. Wingu hilo lenyewe linatarajiwa kumezwa na galaksi yetu, pengine katika miaka bilioni 2 hivi ijayo.

Haifai kusema kwamba wale wa mwaka 2012 walidanganya. Walipima walichoweza kupima, na waliofuata wakapima kwa vyombo bora zaidi na kuhesabu mashaka yao bila kuyaficha. Kosa lilikuwa la waliosikia neno "huenda" wakaandika neno "hakika", sisi waandishi tukiwamo.

Na Jua letu?

Hata kama Andromeda itakuja, hiyo si sababu ya mtu kukosa usingizi. Uwezekano wa nyota yake kuligonga Jua ni mdogo mno. Jua na sayari zake zinaweza kusukumwa kwenye njia mpya, pengine mbali zaidi na kitovu, au kutupwa katika mmoja wa mikia, lakini familia hiyo ingesafiri pamoja.

Hatari ya kweli iko nyumbani. Jua huongeza mng'ao wake kwa takriban asilimia 10 kila miaka bilioni moja. Kabla Andromeda haijafika popote karibu, joto litakuwa limeikausha bahari. Miaka bilioni 5 hivi kutoka sasa, Jua litavimba na kuwa jitu jekundu. Kama kutakuwa na macho ya kuutazama mgongano huo, hayatakuwa katika Dunia hii tunayoijua.

Yanayoonekana kwa macho

Kuyaona mambo haya hakuhitaji darubini ya mabilioni. Mkazi wa Afrika Mashariki ana bahati ya kukaa karibu na ikweta, ambako anga za kaskazini na za kusini zote huonekana.

Kati ya Oktoba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, Andromeda huonekana upande wa kaskazini kama doa hafifu la ukungu. Taa za miji mikubwa huificha, hivyo inafaa kutoka nje ya mji, na darubini ndogo ya mkononi husaidia. Mtaalamu wa Kiajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliieleza kuwa wingu dogo katika kitabu chake cha mwaka 964 hivi. Mawingu ya Magellan huonekana upande wa kusini, chini kidogo, hasa kati ya Novemba na Februari. Utepe wa Njia Nyeupe hung'aa zaidi nyakati za usiku za Juni hadi Agosti.

Mwanga wa Andromeda unaolifikia jicho usiku huo ulianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita, muda mrefu baada ya wale walioacha nyayo zao Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, na muda mrefu kabla ya kuwapo binadamu wa leo. Tangu wakati huo galaksi hizo mbili zimezidi kusogeleana. Iwapo zitakutana au zitapishana kama zinavyopishana nyota zake, mizani kwa sasa imesimama katikati.